Hakula Nyama Yetu

Sitaanza na mahali alipozaliwa, maana hakuwahi kuniambia. Wala sitaanza na ukoo wake, kwa sababu aliutaja mara moja tu, tena kwa hasira, alipokuwa akigombana na mbuzi aliyekula kofia yake. Nitaanza na viatu. Vilikuwa vyeusi, vya ngozi nzito, na katika vumbi la Robanda, kijijini kwetu, ambako wakati wa kiangazi hata mawingu huchukua rangi ya udongo, vilimetameta kama macho ya mtu aliyekataa kulala. Alivipaka rangi kila asubuhi kabla ya kusema na mtu yeyote. Siku hizi wapo wanaomsimulia kama mtu mnyenyekevu. Hao hawakuviona viatu vyake.

Tulimwita Frateri. Aliwahi kusomea upadri, akafika mbali, kisha akaacha au akaachwa. Habari hiyo ilikuwa na matoleo mengi kijijini kwetu, na yeye aliyakana yote. Ukimwita Frateri alijibu, "Mimi si Frateri," kisha akaitika. Alikuja kwetu kutoka upande wa Tarime, Mkurya peke yake katikati ya Waikoma, kufundisha katika shule ya misheni iliyokuwa na kuta za udongo na madirisha yasiyo na kitu ila upepo. Alifundisha kusoma, hesabu na uzalendo wa malkia asiyemjua, kama walimu wote wa miaka hiyo ya hamsini. Lakini Ijumaa, jua likishaanza kulegea, alifunga vitabu vyote, akafuta ubao, akakaa juu ya meza. Hapo tulijua kwamba Kwa Nini imeanza.

Kwa Nini ndilo jina tulilolipa somo lile. "Seminarini wanaliita falsafa ya maadili," alituambia. "Mtu asiwatishe kwa jina hilo. Ni kuuliza tu tuishi vipi, na kukataa kudanganywa na jibu la kwanza."

Siku moja aliuliza, "Wizi ni vibaya. Nani amesema?"

"Mungu!" tulijibu kwa sauti moja. Shule ilikuwa ya misheni, na jibu hilo halikuwahi kumletea mtu fimbo.

"Nani mwingine?"

"Serikali!"

"Wazee!"

"Haya. Tuseme leo Mungu amenyamaza, serikali imerudi kwao Ulaya, na wazee wote wamelewa. Wizi umekuwa mzuri?"

Machaba, kijana mwenye mdomo kuliko sisi wote, akasimama. "Frateri, kwani kwenu Wakurya anayeleta ng'ombe za watu si hupigiwa vigelegele?"

Tulimtazama Frateri tukingojea fimbo. Yeye alicheka mpaka akakohoa, akashika ukingo wa meza.

"Hupigiwa, mura, kijana wangu. Mama yangu mwenyewe amepiga. Sasa niambie. Yule aliyeibiwa, kule alikolala na watoto bila maziwa, vigelegele vya mama yangu vilimshibisha?"

"Hapana."

"Basi pana kitu ambacho vigelegele havikigusi. Ndicho tunachokitafuta. Mazoea yanaimba. Sheria inapiga fimbo. Wema unafanya nini? Mkijua mje mniambie, maana mimi sijui."

Nilikuwa sijawahi kumsikia mwalimu akisema hajui. Nilirudi nyumbani kama niliyeona mtu uchi.

Ijumaa nyingine alituletea tembo. Si lazima nieleze kwamba sisi tuliwajua tembo. Mahindi yakishaanza kukauka walikuja kutoka porini, na kila nyumba ilikesha ikipiga madebe. "Tembo wameingia kwako," alisema Frateri. "Ukipiga debe watatoka, lakini hawatarudi porini. Wataingia kwa jirani. Unapiga au hupigi?"

Tuligombana mpaka jua likataka kutuacha. Machaba alisema inategemea shamba la nani ni kubwa. Wafukuzwe waende mahali ambapo hasara itakuwa ndogo, hata kama ni kwangu mwenyewe. Wegesa, binti aliyekaa mbele, alisema hapana, kila mtu ana wajibu wa kulinda chake, na jirani naye ana debe lake. Nami nilisema, bila kujua nasema nini, kwamba sijali tembo wanakwenda wapi. Nataka kujua kama huyo mtu alimpigia jirani kelele aamke. Kama hakupiga kelele, ni mtu mbaya, hata tembo wakienda Kenya.

Frateri alitutazama. Macho yake yalikuwa mekundu daima kwa sababu ya ugoro.

"Watu wamegombana hivyohivyo tangu kale," alisema. "Wengine wanapima matokeo. Wengine wanashika wajibu. Wengine wanamtazama mtu mwenyewe, tabia yake. Vimeandikwa vitabu vinene kwa Kilatini, na mimi nimevibeba kichwani mpaka shingo ikauma. Hapa kwetu tutaviita Machaba, Wegesa, na huyu mwenye kelele."

Tangu siku hiyo yalikuwa majina ya darasani. Mtu akitetea kosa lake kwa kuonyesha faida yake, aliambiwa, "Unasema Kimachaba." Sikujua kwamba nilikuwa nikipewa silaha. Nilidhani tunacheza.

Lakini sitaki mumpende upesi. Alikuwa mtu mgumu kukaa naye. Alikuwa na hasira ya ghafla kama moto wa nyasi, na sikumsikia hata siku moja akiomba radhi. Alikuwa Mkurya aliyeogopa ng'ombe. Akikutana na kundi njiani alipanda kichuguu na viatu vyake vinavyong'aa, akangoja lipite, huku wachungaji wakimwimbia. Aliazima vitu na hakurudisha. Jembe la mama yangu lilikaa nyumbani kwake mpaka mpini ukabadilika rangi.

"Frateri, shikamoo," mama alimwambia kwa dharau, ingawa walilingana umri. "Leo utawafundisha watoto nini? Utawafundisha kuhusu jembe?"

"Marahaba, mama. Nitalileta kesho."

"Mtu asiyesema uongo!" mama aliuambia ua wote. "Kesho yake imeota mizizi."

Kwa kweli huo ndio uongo pekee niliowahi kumsikia nao, na nadhani hakuuhesabu kuwa uongo. Aliamini kesho hiyo kila aliposema. Kwa mengine hakuyumba. Mgonjwa akimwuliza kama anaonekana kupata nafuu, alimwambia anavyoonekana. Bi harusi mmoja alilia kwa sababu yake. Alikuwa na msemo: "Uongo ni kumwazima mtu macho yako mabovu." Wazee walisema msemo huo hauna adabu. Ulikuwa hauna.

Sasa niseme habari ya nyama, maana ndiyo iliyomfanya awe alivyokuwa kwetu, na ndiyo iliyompeleka gerezani.

Sisi tulikuwa wawindaji kabla hatujawa kitu kingine. Nyumbu walipokuja na mvua, ardhi ilinguruma, na kila nyumba ilikuwa na ukanda wa nyama iliyokaushwa juu ya moto, ile tunayoiita kimoro. Kisha mpaka ukaja. Watu wa serikali walipita wakipanga mawe na kupaka miti rangi nyeupe, wakasema upande ule ni hifadhi, na anayeua mnyama huko ni mhalifu. Walimwonyesha kila mtu mpaka huo isipokuwa nyumbu. Nyumbu walivuka kama zamani, na wanaume wetu wakawafuata kama zamani, ila sasa waliondoka bila kuaga na kurudi bila kuimba.

Hapo ndipo desturi ya mgao ilipopata meno. Tangu kale mwindaji aligawa nyama kwa majirani. Sasa kila aliyepokea alijua anapokea na kitu kingine ndani yake. Ukila, umefunga mdomo. Hakuna aliyesema kwa sauti, lakini hata mtoto alijua. Nyumba iliyokula haikuona, haikusikia, haimjui mtu. Hivyo tuliishi, kijiji kizima kimefungwa kwa mkanda mmoja wa nyama, na sisemi kwamba tuliishi vibaya.

Baba yangu mdogo alikuwa mwindaji hodari kuliko wote, na mkarimu kuliko wote. Alimpelekea Frateri mgao mara ya kwanza mwenyewe, kwa mkono wake. Nilikuwa pale, nimetumwa kulidai jembe.

"Mwalimu, karibu nyama."

Frateri aliitazama. Niliona koo lake likimeza mate. Alikuwa mtu wa kula maharage na mlenda, na niliwahi kumkuta amesimama nyuma ya nyumba yetu upande ule upepo unakoelekea, akivuta harufu ya choma kama mtu anayesali.

"Asante. Sitachukua."

"Ni nyama ya nyumbu, si sumu."

"Najua si sumu. Ni kamba."

Baba mdogo alisimama na nyama mkononi. "Unatuona wezi?"

"Hapana. Huyo nyumbu si wa aliyepaka miti rangi. Nimeifikiria sheria yao, na sijaona inasimama juu ya nini."

"Basi kula!"

"Nikila, nitanyamaza kwa sababu nimekula. Mdomo wangu ni wangu. Nikinyamaza nataka niwe mimi ninayenyamaza."

"Na usiponyamaza?"

"Hilo nalo litakuwa langu."

Jibu hilo lilizunguka kijijini kabla chungu hakijachemka. Watu walilitafsiri kwa njia moja tu: huyu atatusema. Kuanzia hapo alipokuja mahali, mazungumzo yalibadilika, yakawa ya mvua. Wanawake walificha vimoro alipopita, na yeye aliwaona wakificha, akapita na viatu vyake, bila kuinamisha kichwa. Angeweza kuumaliza ubaya huo kwa kipande kimoja cha nyama, nyama ambayo aliitamani. Hakuumaliza. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni kiburi. Leo nadhani bado kilikuwa kiburi, na sioni kwa nini nikionee aibu kwa niaba yake. Watu wetu wamefundishwa unyenyekevu na kila aliyetaka kuwatawala. Kiburi walikipata wapi kama si kwa watu kama yeye?

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, mchana. Tulikuwa tumeshaanza Kwa Nini. Baba mdogo akatokea dirishani, anahema, damu ya mnyama imekauka mikononi. Nyuma yake, mbali, tulisikia landrova ikilia.

"Frateri," alisema, "hujaniona."

"Nimekuona," alijibu Frateri.

Walitazamana. Mke wa baba mdogo alikuwa na mimba iliyokomaa, na mahindi yake yalikuwa yanakauka shambani, tayari kwa tembo. Akishikwa atapelekwa Musoma gerezani, na nani atakesha na debe? Sote mle darasani tulilijua hilo. Frateri alilijua pia, maana shamba lile lilipakana na lake. Baba mdogo alikimbia kuelekea mto Grumeti, kisha upande wa Issenye, ambako mama zake wadogo waliishi.

Landrova ilisimama. Alishuka Bwana Nyama, yule Mzungu wa idara ya wanyama, pamoja na askari mmoja mweusi ambaye alimfasiria, kwa sababu Kiswahili cha Bwana Nyama kilitosha kuagiza chai tu. Askari aliingia, akatuangalia sisi watoto mmoja mmoja. Machaba alikuwa ameshafungua mdomo. Nilijua anataka kusema nini. Sote tulikuwa tumekula nyama ya baba mdogo, na sote tulikuwa tayari kusema hatukumwona mtu.

"Hawa wako darasani," alisema Frateri, akashuka mezani. "Nani kawaruhusu mwaulize watoto wa watu? Niulizeni mimi."

"Mwalimu, kuna mtu amepita hapa?"

"Amepita."

Wegesa alinishika mkono.

"Unamjua?"

"Namjua."

"Ni nani? Amekwenda wapi?"

"Jina lake nalijua, na alikokwenda nakujua. Sitawaambia."

Askari alimtazama Bwana Nyama, kisha akasogea karibu, akasema kwa sauti ya chini, haraka, kama mtu anayemwombea ndugu. "Mwalimu, wewe una akili. Huyu haelewi kitu. Mimi nitamwambia umesema hukumwona mtu, tutaondoka zetu. Na mimi nina watu wangu kule kwetu. Niitikie tu kwa kichwa."

Naona mpaka leo jinsi mambo yote yalivyokuwa yamekaa juu ya kichwa kile. Kuitikia tu. Hata uongo asingesema yeye. Angeusema mwingine, kwa lugha nyingine, kwa nia njema.

"Mfasirie nilichosema," alisema Frateri.

"Mwalimu!"

"Wewe si mbaya, ndugu yangu. Lakini neno langu usilivishe kanzu yako."

Askari hakufasiri neno. Basi Frateri akamgeukia Bwana Nyama mwenyewe, akamwambia kwa Kiingereza, polepole, yale yale: amemwona, anamjua, hatasema. Akaongeza kwamba haitambui sheria inayomfanya mtu mwizi wa chakula cha babu yake, na kwamba kama sheria hiyo ni nzuri haitahitaji kusaidiwa na mwalimu wa shule ya msingi. Bwana Nyama aligeuka mwekundu. Wakampandisha landrova. Akiwa na mguu mmoja ndani alituangalia kupitia dirishani, akasema, "Machaba, shika darasa. Msipige kelele." Machaba alishika darasa. Hakuna aliyepiga kelele.

Nyumbani nilidhani nitakuta vigelegele. Mama alikuwa anatwanga, na aliutwanga mtama ule kana kwamba ndio uliokosa.

"Mjinga," alisema. "Neno moja! Angesema sikumwona, neno dogo kuliko kupiga chafya."

"Lakini mama, hakumtaja. Na hakula nyama yetu."

"Kabla ya mdomo wake, Bwana Nyama alikuwa anafuata damu ya nyumbu. Sasa anafuata mtu wa Robanda. Nani kampa Robanda? Huyo msema kweli wenu."

Mama alikuwa na haki, na naandika hapa kwamba alikuwa na haki, kwa sababu wanaopenda watakatifu hupenda kulificha hili. Bwana Nyama alirudi kwa jumbe wetu, mkuu wa kijiji chini ya serikali, akijua sasa kwamba mtu wake ni wa hapa. Alimtishia kumvua ujumbe. Jumbe yule alikuwa amekula nyama ya baba mdogo kuliko mtu yeyote, alipelekewa mafuta ya mgongo kila msimu. Akalitaja jina. Mdomo uliofungwa kwa nyama ulifunguka kwa kiti.

Hata hivyo baba mdogo alikuwa salama. Issenye ilimficha, na angeweza kukaa huko mpaka mambo yapoe. Kisha akasikia kwamba Frateri bado yuko mahabusu Musoma na bado hajamtaja. Shangazi aliyekuwepo huko Issenye alitusimulia. Baba mdogo aliacha kula. Alisema, "Waliokula nyama yangu wakinisaliti au wakinificha, hayo ni ya kwetu. Yule simdai wala hanidai. Hakuna kilichomfunga kwangu. Sasa mimi nitalalaje?" Akaondoka kwa miguu mpaka Musoma, akajitoa, akidhani watamwachia mwalimu.

Hawakumwachia. Walisema kosa la kuua mnyama ni moja, na kosa la kumzuia afisa asifanye kazi ni jingine. Waliwafunga wote wawili. Tembo waliingia shambani kwa baba mdogo na kukaa humo kama wageni walioalikwa. Mke wake alijifungulia kwa wazazi wake, mtoto akapona, lakini nyumba yao ilianguka paa kwa kukosa mtu. Na misheni haikumrudisha Frateri shuleni. Alipotoka gerezani alikwenda moja kwa moja kwao kaskazini, bila kupita Robanda. Jembe la mama tulilikuta nyumbani kwake, nyuma ya mlango, limeoshwa.

Kwa hiyo somo lile la Ijumaa lilibaki bila mwalimu, na sisi tukabaki tukigombana. Machaba alisema Frateri alikosa: hesabu matokeo, wamefungwa wawili badala ya kutofungwa mtu. Wegesa alisema alifanya lililompasa, na yaliyofuata ni ya jumbe na ya Bwana Nyama. Mwenye kelele alikuwa amenyamaza.

Nilimwona tena nilipopata nafasi ya kusomea ualimu upande wa Tarime. Nilikwenda Bomani, penye ofisi za serikali, siku ya soko kununua sabuni, nikapita nyuma ya jengo la baraza ambako watu wenye kesi hungojea kuitwa. Kwanza niliona viatu. Ngozi ilikuwa imepasuka pembeni na kushonwa, lakini vilikuwa vinang'aa.

Alikuwa amekonda, na kikohozi kile kilikuwa kimehamia ndani zaidi. Alikuwa amekaa kwenye gogo na mwanamke mmoja mwenye kesi ya shamba, anamfundisha jinsi ya kujieleza.

"Usimwambie hakimu unayofikiri anataka. Atakunusa."

"Wakinitisha?"

"Waambie wamekutisha. Nalo ni neno."

Kazi hiyo hakulipwa, na makarani wa baraza walimchukia. Nilipomsalimu shikamoo hakunitambua mara moja; kisha akapiga goti lake kwa kiganja. "Mwenye kelele! Machaba bado anahesabu?"

"Ana duka."

"Ilikuwa lazima." Alicheka, akakohoa, akangoja kikohozi kipite. Kisha akaniuliza kwa sauti nyingine. "Na baba yako mdogo?"

Nilikuwa nimelibeba jibu hilo kwa muda mrefu, maana baba mdogo mwenyewe alinituma, nikikutana naye popote. Nililitoa kwa furaha, kama anayetoa zawadi. "Amesema nikikuona nikwambie hana kinyongo nawe. Yamepita. Amekusamehe."

Frateri alisimama. Yule mwanamke wa kesi alisogea kando.

"Amenisamehe lini?"

"Sijui. Alipotoka tu, nadhani."

"Hakuja kunigombeza. Hakuniuliza. Amenisamehe tu, kama unavyopita msibani ukasema poleni?"

"Frateri, ni jambo jema."

"Si jema! Ni mazoea." Makarani walitutazama dirishani. "Mtu amepoteza shamba. Nyumba imeanguka. Mtoto amezaliwa baba yake yuko ndani. Na mimi ningeweza kuyazuia hayo kwa kuitikia kwa kichwa. Nimeyafikiria mpaka usingizi umenikimbia. Sijui kama nilifanya vyema. Unanisikia? Miaka yote hii sijui. Najua tu kwamba ni mimi niliyefanya, na ningefanya tena. Sasa huyo ndiye mtu pekee duniani mwenye haki ya kuniambia nilikosa, na yeye ananiletea msamaha mkononi mwa mtoto!"

"Unataka nimwambie nini?"

"Mwambie sikuupokea. Awe na kinyongo, ni haki yake. Aje anitukane kwanza, usoni, aseme yote. Baada ya hapo akitaka kusamehe, tutaona kama anasamehe kitu anachokijua."

Akaketi, akamgeukia yule mwanamke. "Mama, tulikuwa wapi?"

Nilirudi nyumbani likizo nikiwa na hasira naye. Nilimkuta baba mdogo anapalilia, mtoto wake anakimbiza kuku. Nilimsimulia yote, neno kwa neno, nikitegemea atacheka au atachukia. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliendelea kupalilia mpaka mwisho wa mstari. Pale mwisho alisimama, ameegemea mpini, na uso wake ukaanza kubadilika, kama uso wa mtu aliyekuwa amebeba mzigo kwa muda mrefu kiasi cha kusahau kwamba ni mzigo, na sasa amekumbushwa.

"Mbwa yule," alisema polepole. "Mbwa yule mwenye viatu. Paa langu lilianguka!"

"Ndiyo, baba."

"Sikuwa pale mtoto alipozaliwa!"

"Ndiyo."

Asubuhi yake aliitoa baiskeli nje. Mke wake alitoka jikoni na mikono yenye unga, akamwuliza anakwenda wapi mapema hivyo.

"Tarime."

"Kuvuka mto Mara? Kuna nini Tarime?"

"Kuna mtu nakwenda kumtukana," alisema, akainama kujaza upepo gurudumu la nyuma.